Miche Sita ya Kasuku

Tarehe 11 Januari

Nimepewa namba ya mlipakodi, ya kwangu mwenyewe, majina yangu yote matatu yameandikwa na chini yake wameweka "mtengenezaji wa sabuni". Soma hapo mara mbili kwanza, halafu ndiyo uendelee.

Haya, sasa salamu. Hujambo Kasuku wangu? Huku sisi hatujambo, yaani mimi, maana "sisi" ya nyumba hii siku hizi ni mimi na sufuria. Kaka yako alipita na lori lake wiki mbili zilizopita, akala, akasinzia hapo hapo kitini, akaondoka. Bati la uani lililokuwa linavuja limezibwa. Kinyozi wa mbele anakusalimu, mkewe kajifungua mtoto wa kike, nimewapelekea miche miwili ya ile sabuni nyeupe isiyowasha.

Turudi kwenye namba. Nilikwenda ofisi ya kodi ya hapa kwetu nikiwa nimevaa lile gauni la kijani. Karani wa dirishani akaniuliza ni nani kanituma, maana wenye biashara ndogo kama mimi wengi huja wakisukumwa. Nikamwambia sikutumwa na mtu, binti yangu ni mkubwa wa kodi makao makuu, haiwezekani yeye awe mkubwa na mama yake ajifiche kama panya. Akanipa kiti. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote, na mimi nikakaa polepole ili wanione vizuri.

Ile karatasi nimeitia kwenye fremu, nimeitundika kando ya picha yako ya mahafali. Sasa tuko ofisi moja, ni vile tu wewe umekaa upande wa ndani.

Najua ulisema nisikupigie jioni, kwamba mtu anayeshinda na sauti za watu masikioni akitoka hataki hata kuiona simu. Sikulaumu. Wewe uliyekuwa unaongea mpaka usingizini, hata jina la Kasuku ukapewa na mtaa mzima, leo maneno yako yote wanayamaliza wageni. Basi naandika. Barua haichomi sikio.

Wamenituma maswali. Kinyozi anauliza, ananyoa peke yake, hana mfanyakazi, je na yeye ajiandikishe? Fundi viatu wa kona anauliza, risiti za ngozi na gundi akizipoteza anafanyaje? Na mimi nina langu. Unajua kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi napika sufuria kubwa, na kila nikikata natoa miche sita ya kwako, tangu uko shuleni. Ile ya nyuma ulibeba yote ulipokuja Novemba ya mwaka juzi. Tangu hapo imefika themanini na minne, iko kwenye maboksi chini ya kitanda. Sikuiuza, sikuitupa. Kwenye hesabu za kodi naiandika wapi?

Jibu upesi, watu wanangoja.

Mama yako, mlipakodi


Tarehe 9 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako imefika, hongera kwa namba. Mimi mzima. Chumba ni kile kile, ila mwenye nyumba amepaka rangi ngazi, mpaka leo zinanuka.

Kinyozi ajiandikishe. Kinachoangaliwa ni kipato chake, siyo idadi ya wafanyakazi, na kama kipato ni kidogo watamwambia hapo hapo. Fundi viatu anunue daftari, kila anunuapo ngozi au gundi aandike siku ile ile, na risiti azibandike humo kwa gundi hiyo hiyo ambayo risiti zake anazipoteza. Miche unayotoa nyumbani usiichanganye na ya kuuza. Fungua ukurasa wa peke yake, juu yake uandike "Matumizi binafsi".

Mama, mimi siyo mkubwa. Napokea simu. Tafadhali usiwaambie hivyo.

Kipindi hiki watu wanajaza ritani za kodi, simu hazipumziki. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mwanao


Tarehe 14 Aprili

Kasuku wangu,

Marahaba sana. Barua yako nimeisoma kibarazani watu wote wakisikiliza, nikaruka pale ulipoandika habari ya kupokea simu, maana mkubwa asiyejivuna ndiye mkubwa hasa. Kinyozi amekwenda kujiandikisha na amerudi akitembea kama amepanda cheo. Fundi viatu amefanya kama ulivyomwambia, amebandika risiti mpaka kurasa zimeshikana, daftari halifunguki. Nimemwambia ukija utalifungua wewe.

Mwenye duka la vitabu kaniuliza binti yangu anaandika mwandiko mzuri hivi kajifunzia wapi. Nikamwambia kwenye meza ya kukatia sabuni, hakuna pengine.

Ukurasa wangu wa Matumizi binafsi nimeupigia mistari kwa rula. Miche mia na miwili. Sabuni ikikaa inakauka na kukomaa, inakuwa ngumu, povu lake linakuwa laini zaidi, kwa hiyo usidhani inaharibika ikikungoja. Ile ya chini kabisa ukiigonga kwa ukucha inalia kama kigae.

Kaka yako mzima. Nina kikohozi kidogo, ni ule mvuke wa kostiki ya kupikia sabuni, unajua mlango wa uani unavyolia bila kufungika. Mvua imekuwa nyingi.

Fundi viatu ameleta swali jingine. Kila mwezi anamtumia mama yake pesa ya matumizi. Anauliza je, hiyo inaweza kupunguza kodi yake? Nimemwambia swali zuri, nitamuuliza mwenye nalo.

Likizo yako mwaka huu ni lini?

Mama yako


Tarehe 30 Mei

Mama, shikamoo.

Nimechelewa, samahani. Mwambie fundi viatu kwamba pesa anayomtumia mama yake siyo gharama ya biashara, kwa hiyo haiingii. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi mwezi huu, na kila nikilijibu naona kama namnyima mtu kitu.

Umeandika kikohozi halafu ukarukia mvua. Umekwenda hospitali?

Mkataba wangu unaisha Juni, sijui kama wataongeza. Kwa sasa siwezi kutaja neno likizo mbele ya msimamizi.

Mwanao


Tarehe 16 Juni

Kasuku,

Hospitali nimekwenda, nimepewa dawa, wala hakuna habari. Sabuni inakwenda vizuri, inagombewa. Bibi wa nyumba ya pili alitaka miche kumi nikamwambia aje mapema. Mkataba wataongeza, watampata wapi mwingine kama wewe?

Kuna jirani mmoja, humjui, kahamia juzi. Anauliza, mtu mwenye biashara ndogo akipumzika kidogo, miezi miwili hivi, hauzi kitu, ritani ajaze au aache? Na wakijua amepumzika watamfutia namba?

Mtoto wa kinyozi amejigeuza kifudifudi mwenyewe, anataka kutambaa.

Mama yako


Tarehe 20 Julai

Kasuku wangu,

Sijapata barua. Huenda iko njiani, posta ya hapa wamebadilisha saa za kufungua.

Nyumba ni kimya kidogo. Redio niliipeleka kwa fundi, kasema kifaa chake hakipatikani. Mchana nakaa pale kwenye meza ya kukatia, nafungua ule waya wa kukatia sabuni, naukunja, nauweka. Ni kazi tu ya kushughulisha mikono.

Nilitaka kukuuliza, hapo kazini kwenu mnaopokea simu mko wangapi? Na mtu akipiga anaweza kuchagua apokelewe na nani, au ni bahati yake tu?

Jirani bado anangoja jibu.

Mama yako


Tarehe 25 Agosti

Mama, shikamoo.

Mkataba umeongezwa miezi sita, kuanzia mwezi huu. Nilingoja nipate la kukuambia ndiyo niandike. Usiwatangazie watu, miezi sita siyo kitu cha kutangaza.

Jirani yako ajaze ritani hata kama hakuuza kitu, aandike sifuri. Hakuna anayefutiwa namba kwa kupumzika. Asipojaza ndipo anatozwa faini.

Tuko ishirini na wanane. Mpigaji hachagui, mashine inamgawa kwa aliye wazi. Chumba hakina dirisha, kila mtu ana ubao mbele na ubao pembeni, unamsikia jirani yako lakini humwoni. Kuna mwenzangu tumekaa kando kwa kando mwaka mzima, juzi nilimwona kantini nikamjua kwa sauti.

Nikuchekeshe kidogo. Tuna mpigaji wetu tumempa jina la Bibi Jumanne. Kila Jumanne asubuhi anapiga, anasikiliza aliyepokea anavyokaribisha, kisha anasema samahani amekosea, anakata. Wiki nyingine anapiga mara nne. Wenzangu wanasema anatafuta mchumba. Mimi hajaniangukia bado.

Kikohozi kimekwisha?

Mwanao


Tarehe 15 Septemba

Kasuku,

Nimefurahi kwa mkataba. Sikumtangazia mtu, ila kinyozi na mwenye duka la vitabu, na yule muuza maji.

Jirani anashukuru.

Huyo bibi mnayemcheka huenda ana shida zake. Labda ana swali na hajui aanze vipi. Siyo vizuri watu wazima ishirini na wanane kumcheka mtu mmoja. Labda kashaacha kupiga, hata hamtamsikia tena.

Mimi mzima wa afya. Kazi inaendelea kama kawaida, Jumatatu ya kwanza nilipika kama ninavyopika siku zote. Miche yako ni mia na miwili, hujambo nayo. Kaka yako alisema atapita mwezi huu, bado sijamwona.

Mama yako


Tarehe 13 Oktoba

Mama, shikamoo.

Nilianza barua hii mara tatu. Nitaiandika moja kwa moja bila kuisoma tena, ukiona makosa unisamehe.

Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nilipokea simu nikasema maneno yangu ya kila siku, karibu huduma kwa walipakodi, nikusaidie nini. Kwa ninavyoambiwa, hapo ndipo Bibi Jumanne husema amekosea. Safari hii hakusema. Nikasikia anavuta pumzi, na kifua kinalia kama bawaba ya mlango wa uani. Ule mlango ninaujua, Mama. Na kifua nilikijua kabla hujasema neno.

Ukaniuliza, "Dada, mtu akiacha kupika sabuni, namba yake anairudisha?"

Simu zetu zinarekodiwa. Msimamizi anasikiliza, na mkataba wangu ni wa miezi sita. Nikakuambia anajaza fomu ya kufunga biashara, anawasilisha ritani ya mwisho, anaonyesha bidhaa zilizobaki. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ninayowaambia wote.

Ukauliza, "Na akiirudisha, atabaki na nini?"

Nikasema, "Atabaki bila deni, ndugu mlipakodi."

Ukasema, "Asante mwanangu, unaongea vizuri." Ukakata. Wazee wote wanatuita mwanangu, kwa hiyo kwenye rekodi haina tatizo.

Nilivua vile vya masikioni nikaenda kukaa kwenye ngazi mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia nimempa mteja jibu lisilo sahihi. Akaniuliza ni kifungu gani nimekosea. Nikainuka nikarudi kwenye simu.

Jioni nikazitoa barua zako zote. Aprili uliandika miche mia na miwili. Septemba ukaandika ulipika kama siku zote, na miche ni mia na miwili. Mama, kila sufuria unanitolea sita. Hata mwaka ule mafuta yalipokosekana ulitoa sita. Kwa hiyo hujapika tangu Aprili, na jirani aliyehamia juzi ni wewe.

Na mimi sijakuambia yangu. Sikuja mwaka jana siyo kwa sababu ya kazi. Nauli nilikuwa nayo, na siku tisa za likizo zilipotea bure. Ni kwamba kila nikifikiria kushuka pale kwenye kona, naona watu wametoka kumpokea mkubwa wa kodi, na mimi nina kiti, mbao mbili na mkataba wa miezi. Nikawa nasema mwezi ujao. Huku nanunua sabuni ya dukani, inanikausha mikono.

Nimeomba likizo. Nimeandikiwa kuanzia tarehe ishirini Desemba, wiki mbili, na safari hii karatasi imesainiwa. Fomu ya kufunga nitakujazia mimi mwenyewe hapo mezani. Lakini ile miche mia na miwili usiihesabu kwenye bidhaa zilizobaki. Siyo ya biashara. Ni yangu.

Kasuku


Tarehe 10 Novemba

Kasuku wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile shikamoo ulizokosa kunipa kwenye simu.

Kaka yako amepita, amenisomea barua yako mara ya pili, maana ya kwanza nilisoma mwenyewe macho yakaniharibikia katikati. Amenigombeza, halafu akaenda kurekebisha ile bawaba. Sasa mlango haulii. Kifua bado.

Ni kweli. Daktari alinikataza mvuke wa kostiki tangu mwanzo wa Mei, akasema nikiendelea kupika mapafu yatapikika pamoja na sabuni. Sufuria kubwa nimelifunika uani, kuku wa kinyozi wanalala juu yake. Sikukuambia. Nilisema nikikuambia nimeacha, utaniambia nifunge, na nikifunga namba sina tena la kukuuliza. Wewe mwanangu barua ya salamu tupu hujibu, unajua mwenyewe. Barua yenye swali la kodi unajibu. Hukuwahi kuacha swali hata moja bila jibu. Ndiyo maana nikajiandikisha, sasa nimesema, wala siyo kwa ajili ya ukubwa wako kama nilivyomwambia karani.

Na ile simu sikupiga kukuchunguza. Redio imekufa, nilitaka sauti. Nilisema nikikupata sitasema kitu, nitasikia tu unavyokaribisha watu halafu nikate. Uliposema wanacheka niliapa sipigi tena. Nikakaa Jumanne moja, nikakaa ya pili, ya tatu nikashindwa. Nawe unakaribisha vizuri kuliko wote, nimewasikia karibu wote, naweza kusema. Yule mwanamume mwenye sauti nzito hana lolote, anakimbiza watu.

Jambo jingine. Nilitoka kibarazani nikawaambia ukweli, kwamba binti yangu siyo mkubwa, anapokea simu. Nilidhani watashangaa. Kinyozi akasema yeye anajua tangu Februari, siku ile nasoma barua alikuwa amesimama nyuma yangu na macho yake hayana kasoro. Akawaambia wengine jioni ile ile. Nikamuuliza, sasa kwa nini mliendelea kuniletea maswali ya kumpelekea? Akaangalia chini, akasema, "Mama Povu, tulikuwa tunakutafutia la kuandika."

Na fundi viatu, Kasuku, mama yake alifariki zamani. Mimi nilikuwa mazikoni. Alipoleta lile swali lake la pesa za mama nilijua, naye alijua ninajua, na nikaliandika hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukija usiogope kona. Hakuna anayempokea mkubwa. Wanampokea Kasuku. Na bado nitajivuna, hilo usinikataze, katika watu ishirini na wanane wewe ndiye uliyenijibu mpaka mwisho, hukunikimbiza.

Fomu nimeshaichukua kwa yule karani, akaniuliza kulikoni, mwaka haujaisha nafunga. Nikamwambia kazi ya ile namba imekwisha. Nimejaza majina yangu matatu tu, mengine yote yako wazi yanakungoja. Karatasi ya namba nitaitoa kwenye fremu siku ukiwa umekaa hapa, siyo kabla. Ukuta utabaki na alama, tutatafuta cha kuweka.

Maboksi nimeyatoa chini ya kitanda, nimeyapanga kwenye meza ya kukatia, vumbi nimefuta. Begi uje nalo kubwa, na wale wenzako wa nyuma ya mbao kila mmoja umpelekee mche mmoja, hata mwenye sauti nzito. Wakiuliza imetoka wapi waambie imetoka kwa Bibi Jumanne.

Kaka yako ameapa ataegesha lori siku tatu. Kinyozi atafunga duka, mkewe atakuja na mtoto, anasimama sasa akishika kiti. Fundi viatu atakuja na lile daftari lisilofunguka, lakini nimemwambia aliache nje, siku hiyo hakuna kuuliza kodi, mwenye swali akalale nalo. Utakapofika utanikuta hapo nje nimevaa lile gauni la kijani.

Wote wanakuja Jumamosi, tarehe ishirini na moja Desemba, saa nne asubuhi.

Mama yako